Je, Wajua Kwa Nini Wagonjwa wa Kiharusi Walipungua Hospitalini Wakati wa Korona?

Mwaka 2020, virusi vya korona vilipokuwa vikienea duniani, madaktari wa kiharusi walianza kuulizana: wagonjwa wetu wamekwenda wapi? Wodi za wenye matatizo ya kupumua zilifurika, lakini simu za dharura za kiharusi zilikuwa zimepungua. Nchini Marekani, watafiti walipitia takwimu za hospitali zaidi ya 800 zinazotumia programu moja ya kuchambua picha za ubongo, wakakuta matumizi yake kwa wagonjwa wa kiharusi yameshuka kwa asilimia 39 ukilinganisha na kabla ya janga. Utafiti mwingine, uliohusisha hospitali 457 katika nchi 70, ulionyesha kuwa waliolazwa kwa kiharusi walipungua kwa asilimia 11.5 katika miezi minne ya mwanzo.

Ugonjwa wenyewe haukuwa na sababu ya kupungua. UVIKO-19 huchochea damu kuganda, na damu iliyoganda ndiyo huziba mishipa ya ubongo. Aprili 2020, madaktari wa hospitali ya Mount Sinai, New York, waliripoti wagonjwa watano wenye virusi hivyo, wote chini ya miaka 50, walioletwa ndani ya wiki mbili wakiwa wamezibwa mishipa mikubwa ya ubongo. Kabla ya hapo, katika muda kama huo, wastani wao wa wagonjwa wa umri huo haukufika hata mmoja.

Wengi wa wale waliokosekana walikuwa nyumbani. Waliogopa kuambukizwa hospitalini, na hofu hiyo ilieleweka. Ila kiharusi kina jambo jingine linalomfanya mtu asubiri: mara nyingi hakiumi. Mkono unakuwa mzito, kikombe kinaponyoka, maneno yanatoka yamepinda, na mtu anajiambia pengine aliulalia mkono vibaya. Wapo hata wasiojua kabisa kwamba wamepatwa. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo kinaweza kumwondolea mtu uwezo wa kutambua kwamba mkono wake wa kushoto hausogei. Ukimuuliza, atakujibu kwamba hana tatizo lolote. Ndiyo maana mara nyingi anayegundua kiharusi ni mtu wa pembeni: mke, mtoto, jirani, mfanyakazi mwenza. Watu walipotakiwa kukaa mbalimbali, wazee wanaoishi peke yao walikosa jicho hilo. Na hata walipokutana na mtu, barakoa ilifunika mdomo, mahali penyewe ambapo dalili ya uso kwenda upande huonekana wazi zaidi.

Subira hiyo ina gharama kubwa. Mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, inakadiriwa kuwa seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Kulitoa donge lenyewe kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hufanyika zaidi ndani ya saa 6, na tafiti zilizochapishwa 2018 zilionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa, wakichaguliwa kwa picha maalumu, wanaweza kufaidika hadi saa 24. Anayefika kesho yake asubuhi anaweza kukuta dawa haiwezi tena kumsaidia.

Sasa tuingie mlangoni mwa hospitali, maana huko nako mambo yalibadilika. Katika siku za kawaida timu ya kiharusi humkimbilia mgonjwa na kumpeleka moja kwa moja kwenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili. Korona ilipoingia, daktari alilazimika kwanza kuvaa gauni, glavu, barakoa na kinga ya macho, na mavazi hayo hayavaliwi kwa papara, kwa sababu aliyekosea hatua moja anaweza kujiambukiza. Kumuuliza mgonjwa kama ana homa au kikohozi hakukusaidia sana, kwani wengi hawakuweza kusema. Kusubiri majibu ya kipimo kungekula muda wote wa dawa.

Jawabu walilolikubali wengi lilikuwa hili: kila mgonjwa wa kiharusi achukuliwe kuwa ana virusi mpaka ithibitike vinginevyo, na tiba iendelee. Madaktari wa Toronto, Kanada, walikuwa kati ya waliochapisha mapema, mwaka huo wa 2020, utaratibu wa kuhudumia kiharusi kwa kinga. Mgonjwa anavishwa barakoa, wanaomsogelea wanapunguzwa, na mtu mmoja anapewa kazi ya kusimamia usalama wa wenzake. Daktari bingwa angeweza kumpima mgonjwa kwa video huku muuguzi akimwinua mkono na kuhesabu sekunde kabla haujaanguka. Njia hiyo ya video ilikuwapo tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya hospitali za mbali. Janga liliifanya ifae hata kwa daktari aliye chumba cha pili.

Picha za CT nazo zilifanya kazi mbili. Picha ya mishipa ya shingo hugusa pia ncha za juu za mapafu, na mara nyingine dalili za UVIKO-19 zilionekana hapo kabla ya majibu ya maabara kutoka.

Penye ugumu zaidi palikuwa kwenye kutoa donge. Kazi hiyo inahitaji mgonjwa atulie, na wengi hufanyiwa wakiwa macho, kwa dawa ya kutuliza tu. Lakini akianza kutapika au kuishiwa pumzi katikati ya kazi, atawekewa mpira wa kupumulia kwa haraka, na hapo ndipo matone yenye virusi huweza kutawanyika chumbani. Hivyo uamuzi ulipaswa kufanywa mapema: anayeonekana hatastahimili alazwe kabisa kwa dawa ya usingizi kabla ya kuanza, mahali palipoandaliwa.

Pamoja na yote hayo, hospitali nyingi zilifanikiwa kulinda dakika zao. Kwa maoni yangu hasara kubwa zaidi ilitokea nje ya mlango, ambako zilipotea saa nzima nzima. Ujumbe wa "kaa nyumbani" ulisambazwa kwa nguvu kila mahali, lakini kauli ya "isipokuwa una dalili za kiharusi" ilichelewa na haikusikika kwa sauti ileile.

Basi ukimwona mtu uso umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, piga simu ya dharura hapohapo, hata kama kuna mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza. Sema kwamba ni kiharusi, na kama ana homa au kikohozi sema pia, ili wanaokuja waje wamevaa mavazi ya kinga. Wape namba yako ya simu kabla gari la wagonjwa halijaondoka, kwa sababu huenda usiruhusiwe kuingia naye, na daktari atakutafuta kwa maswali mawili ambayo mgonjwa pengine hawezi kuyajibu: anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?