Programu Zinazofanya Kazi Bila Mtandao: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Kuweka majibu ya seva kwenye akiba kunatosha.

Akiba inasaidia kusoma tu. Mtumiaji akiandika wakati mtandao haupo, alichoandika hakina nakala nyingine popote, kwa hiyo simu yake ndiyo yenye data halisi. Andika kwanza kwenye hifadhidata ya ndani (SQLite kwenye simu, IndexedDB kwenye kivinjari), na ndani ya muamala huohuo (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa yote kwa pamoja au yasihifadhiwe kabisa) ongeza safu kwenye jedwali la foleni ya kutuma. Ukivitenganisha viwili hivi, siku programu itakapozimwa katikati utabaki na rekodi inayoonekana kwenye skrini lakini haitatumwa kamwe.

Dhana: Ikoni ya mtandao ikiwaka, seva inafikika.

Hata `navigator.onLine`, kipimo cha kivinjari cha kuwepo kwa mtandao, inaweza kurudisha `true` ilhali simu imeshika Wi-Fi isiyotoka nje, au inayodai mtu aingie kwanza kwa nenosiri. Jaribu kutuma tu. Ukishindwa, subiri sekunde 1, kisha 2, 4, 8, hadi kikomo cha dakika chache, na uongeze muda kidogo wa kubahatisha ili simu zote zisiivamie seva kwa mkupuo mtandao unaporudi.

Dhana: Ombi lililokatika halikufika.

Hapa ndipo data nyingi huharibika. Seva inaweza kupokea ombi, ikahifadhi, kisha jibu likapotea njiani. Simu inadhani imeshindwa, inatuma tena, na malipo yanaingia mara mbili. Dawa yake ni kila badiliko kuwa na kitambulisho cha pekee, mathalani UUID (namba ndefu ya kubahatisha isiyotarajiwa kujirudia popote), kinachotengenezwa mtumiaji anapobonyeza kitufe. Kikitengenezwa wakati wa kutuma, kila jaribio litakuwa na kitambulisho kipya na ulinzi wote unakuwa bure. Seva nayo ikihifadhi kitambulisho hicho kwenye safuwima isiyoruhusu marudio, ndani ya muamala uleule wa badiliko lenyewe, ombi la pili litapewa jibu lilelile la kwanza na hakuna kitakachoongezeka.

UUID inaondoa pia tatizo la namba zinazojiongeza zenyewe: simu mbili zilizo nje ya mtandao zitatengeneza rekodi namba 41 zote mbili, na zote zitaamini ziko sahihi.

Dhana: Wawili wakibadilisha rekodi moja, wa mwisho kwa saa ndiye ashinde.

Saa ya nani? Simu ambayo saa yake imetangulia kwa siku nzima itawashinda wote, na hakuna kosa litakaloonekana kwenye kumbukumbu za seva. Ni salama zaidi kutumia namba ya toleo. Simu hutuma toleo ililolianzia, na seva ikiwa imeshasonga mbele hukataa kwa msimbo wa HTTP 409 (mgongano) au huunganisha sehemu kwa sehemu. Kwa idadi, tuma kitendo, usitume matokeo: “punguza 3” inajumlishika na “punguza 2” ya simu nyingine, lakini “zimebaki 7” inaifuta.

Miundo ya CRDT, yaani miundo ya data inayojiunganisha yenyewe bila mgongano, inasifiwa sana, na kwa haki. Inahakikisha nakala zote zinafikia hali moja, ila haijui kanuni za kazi yako: watu wawili waliochukua kiti kimoja bado wanahitaji seva iseme nani akose.

Dhana: Kuvuta mapya, uliza tu yaliyobadilika tangu mara ya mwisho.

Muamala unaweza kugongwa muhuri wa saa 4:00:00 na ukakamilika saa 4:00:05. Simu iliyouliza saa 4:00:03 haitauona, na ikihifadhi muda huo kama alama yake, haitauona tena. Namba za mfuatano zina tundu hilohilo, kwa kuwa hutolewa kabla muamala haujakamilika. Rudi nyuma kwa muda unaozidi muamala wako mrefu kuliko yote, na simu izipokee rekodi zilizorudiwa bila kulalamika.

Rekodi iliyofutwa kabisa, kwa upande wake, haitokei kwenye mabadiliko yoyote, hivyo simu nyingine zitaendelea kuionyesha. Iache safu yake na alama ya kufutwa kwa kipindi ulichokiamua, tuseme siku 90. Simu iliyopotea zaidi ya hapo ivute data yote upya, baada ya kumaliza kutuma foleni yake.

Dhana: Mfumo utasawazisha wenyewe chinichini.

Kwenye Android, kazi ya kujirudia ya WorkManager (maktaba ya kupanga kazi za chinichini) haiwezi kupangiwa muda ambao kuwa chini ya dakika 15, na iOS hujiamulia yenyewe wakati. Kivinjari cha Safari kinaweza kufuta hifadhi ya tovuti baada ya siku 7 za kutumia kivinjari bila mtumiaji kuigusa tovuti hiyo. Mwonyeshe mtumiaji idadi ya rekodi ambazo hazijatumwa, na umzuie kutoka kwenye akaunti kabla hazijaisha. Safu moja ikikataliwa kwa sababu data yake ni batili, itenge kando umwambie, la sivyo itaziba foleni nzima.