Vitafunwa vya pati kwa bajeti ndogo: punguza aina, ongeza idadi

Kazi yangu ni kupikia watu sherehe, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nina wageni 30, hela ni kidogo, niwape nini cha kula kwa mkono bila sahani wala uma? Karibu kila anayeuliza anakuja na listi mkononi, aina kumi, wengine kumi na mbili, na kitu cha kwanza nachofanya ni kuikata hiyo listi, maana hapo ndo pesa inapopotelea. Kila aina unayoongeza inataka viungo vyake, inataka kopo la kitu ambacho utatumia kijiko kimoja alafu kinakaa kwenye friji mpaka kinaharibika, inataka na muda wake jikoni, na mwisho wa siku unakuwa na vipande vichache vichache vya kila kitu, waliowahi wanavimaliza na waliochelewa wanakuta trei tupu. Aina nne zinatosha kabisa. Tano kama una mtu wa kukushika mkono.

Kabla hujaenda kununua chochote, piga hesabu ya vipande. Kama watu watakula chakula kamili baadaye, vipande 5 au 6 kwa kila mtu vinatosha. Kama vitafunwa ndo chakula chenyewe cha jioni, weka 10 mpaka 12. Kwa hiyo wageni 30 kwa vipande 12 ni 360, gawa kwa aina nne unapata 90 za kila aina, na hapo sasa unajua unahitaji mikate mingapi na nyama kiasi gani badala ya kununua kwa kukisia.

Kwenye zile aina nne mi nachagua hivi: mbili za wanga (mkate, viazi), moja ya nyama au mayai, na moja mbichi, matunda au mboga. Wanga ndo unashibisha na ndo bei nafuu, nyama na chizi vinakaa juu kidogo tu vilete ladha. Na katika zote nne, hakikisha ni moja tu inayohitaji moto dakika za mwisho, nyingine zote ziwe zimeshamalizika kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi, la sivyo pati yako yote utaisikilizia jikoni.

Nianze na vibonge vya nyama ya kusaga kwa sababu watu wengi wanaviogopa wakidhani nyama ni gharama. Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga, slaisi nne za mkate, maziwa robo kikombe au zaidi kidogo, yai moja, kitunguu kimoja ukikwangue, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga na kitunguu saumu. Mkate uloweke kwenye maziwa dakika tano hivi alafu uponde mpaka uwe uji mzito, ndo uchanganye na vingine. Huu mkate watu wanadhani ni ujanja wa kuongeza ujazo, na kweli unaongeza, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: unashika maji na mafuta ya nyama yasikimbilie kwenye trei, na unazuia nyama isijikaze, ndo maana kibonge kinabaki laini hata kikipoa, na kwenye pati kitapoa tu. Changanya kwa vidole mpaka vishikane, uishie hapo, ukikanda sana kinakuwa kigumu kama mpira. Kaanga kipande kidogo uonje chumvi kabla hujaviringisha vyote. Lowesha mikono, viringisha vya saizi ya kumalizika kwa mdomo mmoja, utapata kama 30, panga kwenye trei iliyopakwa mafuta, oveni nyuzi 200 kwa robo saa hivi mpaka ndani pasiwe na wekundu (kama una kipimajoto, 71 ndani). Unaweza kuviviringisha jana yake ukaweka kwenye friji, asubuhi ya pati kazi ni kuchoma tu. Sosi yake ni nyanya, siki kidogo, sukari kidogo na pilipili, chemsha mpaka iwe nzito kiasi cha kung'ang'ania kwenye kibonge, maana sosi nyepesi itaishia kwenye mashati ya watu.

Kitu cha pili ninachokipenda sana ni vikombe vya mkate. Kata kingo za slaisi (usizitupe, ndo zinaenda kwenye vile vibonge vya nyama), lalisha slaisi kwa kifimbo cha kusukumia mpaka iwe nyembamba, paka siagi au mafuta pande zote mbili, kata mara mbili kama trei yako ni ya keki ndogo kabisa, alafu ibonyeze kwenye vile vishimo. Oveni nyuzi 180, dakika 10 mpaka 12, kingo ziwe za kahawia. Vikipoa kabisa vitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, vinakaa siku mbili tatu bila shida. Ndani unatia unachotaka, yai la kuchemsha lililokatwakatwa na mayonezi na haradali kidogo, tuna, au maharage yaliyochemshwa ukayasaga na kitunguu saumu, ndimu na mafuta, hii ya mwisho ndo rahisi kuliko zote na hata wasiokula nyama wanafurahi.

Adui wa mkate ni maji. Ile siagi uliyopaka inasaidia kuzuia unyevu usipenye, lakini usiitegemee masaa matatu, jaza vikombe nusu saa kabla ya kuvitoa. Nyanya itoe mbegu, tango likwangue katikati, nyunyizia chumvi, acha dakika kumi kwenye chujio, maji yatakayotoka utashangaa. Na onja kijazio kikiwa cha baridi, sio cha uvuguvugu, ubaridi unafifisha ladha, kwa hiyo kilichokuwa sawa kwenye sufuria kinaweza kuonekana hakina chumvi kikitoka kwenye friji.

Viazi ni hivi. Chemsha vipande kwenye maji ya chumvi mpaka kingo zianze kumong'onyoka, mwaga maji, acha mvuke uishe, funika sufuria uitikise ili vichubuke nje, ndo vingie kwenye trei yenye mafuta ya moto, oveni nyuzi 220. Ule mchubuko ndo unaoleta ukavu wa kukwaruza. Kama huna oveni kaanga, mafuta yako tayari ukichovya mwiko wa mbao ukaona mapovu madogo yanauzunguka, na tia vichache vichache, ukijaza sufuria mafuta yanapoa na viazi vinayanywa.

Mayai ya kuchemsha, tumia yaliyokaa wiki hivi, mapya sana yanagoma kumenyeka. Yatie kwenye maji yaliyokwisha chemka, dakika 10 au 11, alafu kwenye maji ya baridi kabisa.

Usalama sasa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Chakula chenye nyama, mayai, mayonezi au maziwa kisikae mezani zaidi ya masaa mawili, na kama ni nje kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 ni lisaa limoja tu. Usitoe vyote kwa mara moja, toa trei ndogo ndogo, nyingine zibaki kwenye friji au oveni ya moto mdogo. Hii inakusaidia na kwenye hesabu pia, trei ndogo iliyojaa inapendeza kuliko kubwa iliyobaki na vipande vitatu, na watu wanachukua kwa kiasi. Kama kuna watoto chini ya miaka mitano, usiwape bisi wala karanga nzima, na zabibu zikate kwa urefu, vinakaba koo haraka sana. Andika kikaratasi mbele ya kila trei kitu gani kina karanga, maziwa, mayai au ufuta, maana mwenye aleji mara nyingi anaona aibu kuuliza.

Vijiti vya meno: weka bakuli la vilivyotumika pembeni ya trei, na utumbukize kimoja wewe mwenyewe kabla wageni hawajafika, wasipoona cha mfano wanavirudisha palepale kwenye chakula. Napkini ziwe angalau mbili kwa kila mtu.