Michemraba Miwili ya Kitivo cha Uhandisi

Tarehe 11 Mei 2018, kijisanduku chenye urefu, upana na kimo cha sentimita 10 kiliachiliwa angani kutoka sehemu ya Kijapani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kiliitwa 1KUNS-PF. Kilikuwa setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, na kilibuniwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Nafasi ya kukirusha ilitokana na mpango wa KiboCUBE, unaoendeshwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la anga la Japani, JAXA.

Katika kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Nairobi kuna mchemraba mwingine, mkubwa kidogo, wa sentimita 15 kila upande. Una uzani wa kilo nane hivi na umetengenezwa kwa zege, au konkriti kama wanavyosema mafundi wa mjengo, na huvunjwa kwa mashine ili kujua nguvu ya zege la jengo. Magazeti hayauandiki, lakini ndio unaomgusa zaidi mkazi wa Nairobi anayelala ghorofa ya nne. Yote miwili inatoka katika kazi moja ya mhandisi: kupima kabla ya kuamini.

Mafunzo ya uhandisi hapa yalianza mwaka 1956, chuo kilipokuwa kikiitwa Royal Technical College. Mwaka 1970 ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kilipojisimamia chenyewe. Leo kitivo kina idara tano: ujenzi, umeme, mitambo, upimaji wa ardhi na teknolojia ya anga, na ile ya mazingira na mifumo ya kibayolojia, iliyokuwa zamani idara ya uhandisi wa kilimo. Shahada huchukua miaka mitano. Hata baada ya hapo, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 inamtaka mhitimu afanye kazi chini ya uangalizi kwa angalau miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili.

Kazi inayosemwa zaidi ni gari la Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka chuo kiunde gari, na mwaka 1990 magari matano ya majaribio yakaonyeshwa hadharani. Yaliweza kukimbia kilomita 120 kwa saa. Gari hilo halikuwahi kufika sokoni, na wengi hulitaja kwa masikitiko. Lakini kuunda magari matano ni kazi moja, na kuunda elfu tano ni nyingine kabisa. Matano yanaweza kuchongwa kwa mkono, kila kipande kikipigwa tupa mpaka kikae mahali pake. Elfu tano yanataka mashine zinazotoa kipande kilekile kila mara, viwanda vidogo vinavyoleta vipuri, na mtaji wa miaka mingi kabla ya faida ya kwanza. Anayetaka kujua kwa nini tumechelewa kuunda magari aanze na hesabu hiyo.

Setilaiti ilikuwa na masharti yake. Kifaa kilicho kimo cha kilomita 400 hivi huizunguka dunia kila baada ya dakika 90, kikitoka kwenye jua kali na kuingia kwenye giza la baridi takriban mara 16 kwa siku. Kila kiungo cha madini ya risasi kwenye saketi hutanuka na kusinyaa kila mzunguko, na kilichochomelewa vibaya hupasuka. Kikisharushwa, hakuna fundi atakayekifuata na bisibisi. Ndiyo sababu setilaiti hutikiswa, huwekwa mahali pasipo na hewa, hupashwa moto na kupozwa ikiwa bado iko ardhini.

Sasa turudi kwenye zege, kwa sababu hapa mwananchi anaweza kufanya jambo yeye mwenyewe.

Ukimwaga slabu au nguzo, chukua sampuli pale pale zege linapomwagwa, na si toroli la kwanza kabisa wala la mwisho. Tengeneza angalau michemraba sita: mitatu ya kupimwa siku ya 7 na mitatu ya siku ya 28. Kalibu, yaani kisanduku cha chuma cha kuumbia mchemraba, ipakwe oili kidogo tu. Ikizidi huacha vishimo usoni mwa mchemraba. Jaza kwa tabaka tatu za takriban milimita 50, na kila tabaka ishindiliwe kwa fimbo ya chuma si chini ya mara 35. Fundi aliyechoka hushindilia mara kumi na kusawazisha juu kwa mwiko. Mchemraba wake unaonekana mzuri, ila ndani una utupu, na utupu wa asilimia 5 unaweza kula asilimia 30 hivi ya nguvu ya zege.

Funika kwa gunia bichi, usiusogeze kwa saa 24. Kuubeba kwa bodaboda jioni ile ile ni kuuharibu. Kesho yake uutoe kwenye kalibu, andika tarehe na sehemu ya jengo, uutumbukize majini. Maji yawe karibu nyuzijoto 20. Julai usiku wa Nairobi hushuka hadi nyuzi kumi na kitu, na pipa lililoachwa uani huchelewesha zege kukomaa. Liweke ndani.

Maabarani mchemraba hulazwa ubavu, ule uso uliosawazishwa kwa mwiko ukitazama pembeni, ili nyuso laini zilizogusa chuma ndizo zikutane na mashine. Mashine hukandamiza polepole mpaka zege livunjike. Tazama umbo la mabaki. Mchemraba uliopimwa sawasawa hupasuka kwa kiasi kimoja pande zote nne na kubaki kama piramidi mbili zilizogusana ncha. Ukipasuka upande mmoja tu, basi uso haukuwa sawa au uliwekwa upogo, na namba iliyotoka haifai kutegemewa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uso una milimita za mraba 22,500. Zege la daraja la 25 linatakiwa lihimili niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, yaani kiloniutoni 562.5 kwa mchemraba mzima, karibu tani 57. Ukivunjika kwa kiloniutoni 405, umepata 18, na kuna tatizo. Siku ya 7 tarajia takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Saruji ya daraja la 32.5 yenye pozolana (unga kama wa majivu ya volkano) hukomaa pole zaidi kuliko ya daraja la 42.5, kwa hiyo usihukumu jengo kwa namba ya siku ya 7 bila kujua ni saruji gani iliyotumika.

Kwa nini namba hushuka? Mara nyingi ni maji. Mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 25 kwa zege la kawaida la nguzo, ukihesabu na maji yaliyomo tayari kwenye mchanga. Mchanga ulionyeshewa usiku kucha huwa umeshabeba sehemu yake. Vibarua huongeza nusu ya mtungi wa lita 20 ili zege liteleze na kazi iwe rahisi, na kwa lita hizo 10 nguvu hupungua kwa zaidi ya robo.

Sababu ya pili ni mchanga wenye tope. Huu unaweza kuupima nyumbani. Chukua chupa iliyonyooka, tia mchanga karibu nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo, utikise, uache ukae saa tatu. Tope litatanda juu ya mchanga. Kama mchanga una kimo cha milimita 100 na tope linazidi milimita 8, uoshe au uurudishe kwa aliyeuleta, hata kama lori limetoka Machakos na bei yake imekuuma.

Kuna pia udanganyifu, na lazima usemwe. Wapo wanaochanganya zege la pekee, lenye saruji ya ziada, kwa ajili ya michemraba ya maabara tu. Majibu hutoka mazuri, nguzo zinabaki dhaifu. Jengo dhaifu huua: la ghorofa lilipoporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, zaidi ya watu 40 walikufa. Mwenye plot awepo mwenyewe sampuli inapochukuliwa, au amtume mtu asiyelipwa na mkandarasi.

Majibu yakiwa chini, usikimbilie kubomoa wala kunyamaza. Mhandisi wa jengo kwanza hukagua michemraba yenyewe kama ilitengenezwa vizuri. Kisha hupima uso wa nguzo kwa nyundo maalumu ya kurudisha pigo, ambayo huonyesha tu wapi pana shaka. Shaka ikibaki, hutobolewa kipande cha mviringo kutoka kwenye zege lenyewe, kikapimwe kwa mashine ile ile. Huchukua siku kadhaa, na mkandarasi atalalamika kuhusu mishahara ya vibarua. Mpaka majibu yatoke, slabu inayofuata haimwagwi, na miti inayoshikilia ile ya chini haitolewi.