Mhadhara si imla

Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli ileile, kwenye kikao cha kuboresha ufundishaji wa sayansi na uhandisi chuoni: "Tuachane na mihadhara, twende na mbinu shirikishi." Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa.

Mhadhara ni somo ambalo mhadhiri hulitoa mbele ya wanafunzi waliokusanyika kulipokea. Fasili inaishia hapo. Hakuna sehemu inayosema lazima wanyamaze.

Neno lenyewe linakataa ukimya huo. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuwapo, na humo ndimo tulimopata hudhuria, mahudhurio, hadhira na hadharani. (Hadhari na tahadhari hazimo. Kiarabu huzitenga kwa herufi, dhadi na dhali. Sisi tumeziunganisha kwa matamshi tu.) Sasa tazama umbo lake. Mhadhara umefinyangwa kwa kalibu ileile iliyotupa mjadala, mwafaka na muamala, kalibu ambayo mara nyingi hudai pande mbili. Hakuna mwafaka wa mtu mmoja. Ile "m" ya mwanzo ni ya Kiarabu, ila sisi tuliiona kama ya kwetu, tukaliingiza neno kwenye ngeli ya mti na miti, likazaa mihadhara. Na waliowahi kusimama kwenye mihadhara ya dini viwanjani wanajua kwamba msemaji akimaliza hapewi makofi akaondoka. Anaulizwa, anajibu, anaulizwa tena.

Kinachonikera, basi, ni kuuweka mhadhara upande mmoja na ushiriki upande wa pili. Wenye kauli hii hutegemea utafiti, na utafiti upo. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Scott Freeman, na wenzake walichambua tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati za shahada ya kwanza. Mwalimu alipozungumza mfululizo, walioshindwa walikuwa wastani wa asilimia 33.8, wanafunzi waliposhughulishwa darasani, asilimia 21.8. Pengo hilo ni kubwa, na kila anayefundisha anapaswa kulihofia. Lakini walichokipima ni mwalimu kusema bila kukoma. Ukumbi wenye viti mia tatu haukushtakiwa.

Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alibaki ukumbini humohumo. Mbinu yake ilikuwa hii. Anauliza swali fupi, kwa mfano: sarafu imerushwa juu, ikifika kileleni ni kani gani inayoikabili? Wanafunzi wanachagua jibu, kila mmoja kivyake. Kisha wanageukiana, anayesema hakuna kani na anayesema ni uzito wake tu, wanabishana dakika chache, wanachagua upya. Mhadhiri anaendelea kuanzia pale walipokwama. Huo ni mhadhara, na unawezekana hata kwenye chuo kisicho na fedha za vyumba vipya.

Kwetu tunao mfano wa zamani zaidi. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, kuzungumza na wanafunzi kuhusu fizikia. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akamuuliza kwa nini maji ya moto huganda kabla ya maji ya uvuguvugu. Wenzake walimcheka. Osborne alimuuliza kama kweli amejaribu, akakiri kuwa hajui sababu, akaahidi kwenda kujaribu mwenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Aliyekwenda kusema alirudi na swali la msikilizaji wake.

Yule anayewasomea wanafunzi slaidi neno kwa neno huku wakinakili, tunalo neno lake tangu shule ya msingi: imla. Kwa hiyo kikao kijacho, ndugu zangu, tuseme tunataka kuacha imla, na mhadhara tuurudishie upande wake wa pili.