Barnevernet inaweza kuingia hadi wapi nyumbani kwako

Barua imefika kutoka barnevernet, ofisi ya ulinzi wa watoto, juu yake pameandikwa "undersøkelse", na kabla jua halijazama jamaa wa mji mzima wameshasikia kwamba "wanakuja kuchukua watoto". Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Norwei, wawe Wakongomani, Warundi, Watanzania au Wakenya, hukosea papo hapo. Mmoja hufunga mlango, mwingine hukubali kila anachoambiwa ili mambo yaishe haraka, mwingine hukata tiketi. Yote matatu huumiza, kwa sababu undersøkelse ni uchunguzi tu. Kati ya uchunguzi na kumtoa mtoto nyumbani kuna ngazi kadhaa, na katika kila ngazi sheria imeandika nani anaamua, kwa sababu gani na ndani ya muda gani. Haki yako kama mzazi imekaa humo, kwenye masharti hayo. Sheria inayotumika ni ile ya 2021, iliyoanza kazi Januari 1, 2023 na kuiondoa ya 1992. Anayekutajia vifungu vya zamani ana nia njema, ila namba zimebadilika.

Jambo huanza na taarifa ya wasiwasi, bekymringsmelding. Mwalimu, mlezi wa chekechea, daktari, muuguzi na polisi wanalazimika kisheria kuipeleka wakiwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto ananyanyaswa au hatunzwi vizuri, hata kama kazi zao zina kiapo cha kutunza siri. Kwa hiyo usimnunie mwalimu. Hakuwa na hiari. Barnevernet ina wiki moja kuipima taarifa hiyo. Ikiona haina uzito, inaifunga. Ikiona ina uzito, uchunguzi unaanza na unatakiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, au sita kwa mashauri ya pekee.

Katika uchunguzi serikali ina nguvu ambazo nyumbani kwetu hatukuzizoea. Huwezi kukataa wasije kukutembelea kwako. Wanaruhusiwa kuzungumza na mtoto faraghani, wewe usiwepo. Lakini sheria hiyohiyo inasema uchunguzi ufanywe kwa upole na usipanuke kuliko jambo linavyohitaji, na inaidai ofisi iwe na mpango wa uchunguzi ulioandikwa. Uombe mpango huo. Uliza: wasiwasi ni upi hasa, mtaongea na nani, mtamaliza lini? Omba innsyn, yaani kuyasoma yaliyoandikwa juu yako. Kwa kawaida utapewa, ingawa sehemu nyingine zaweza kuzuiwa kwa muda uchunguzi ukiendelea. Kila baada ya kikao omba kumbukumbu zake, uzisome na mkalimani, na pasipo sahihi peleka marekebisho kwa maandishi. Barua pepe ya mistari mitano inatosha, na itabaki kwenye faili.

Nakazia faili kwa sababu hapa ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa mfumo huu: wakili wa kulipiwa na serikali anakuwa haki yako shauri linapofika barazani, kwenye chombo kinachoamua mashauri ya watoto, ilhali maneno yatakayosomwa barazani huandikwa wakati wa uchunguzi, mzazi akiwa peke yake. Ukiweza kumlipa wakili kwa saa mbili tu za ushauri, zilipie mapema.

Mkalimani naye ni haki, si fadhila. Sheria ya ukalimani iliyoanza Januari 2022 inazitaka ofisi za umma zitumie mkalimani mwenye sifa, na kumtumia mtoto kutafsiri ni marufuku. Ila "Kiswahili" kwenye fomu hakitoshi. Mama wa Bukavu na mkalimani wa Dar es Salaam wanaweza kupishana sana, kwa hiyo taja unatoka wapi na umsikie kwanza. Yapo maneno ya hatari. Mama aliyekasirika akisema "nitakuua wewe!" anatisha kwa mdomo, na kila mtoto wa kwetu anajua. Likitafsiriwa neno kwa neno ni tishio la mauaji. "Kupiga" hubeba kofi moja na kipigo cha fimbo kwa pamoja, basi eleza ni kipi, mara ngapi, lini. Na "mwanangu" kwa mtoto wa kaka yako inaleta utata: wao wanatazama daftari la watu nani ana foreldreansvar, mamlaka ya mzazi kisheria. Sema wazi huyu ni mtoto wa ndugu yangu, namlea tangu mwaka fulani, na hati zake ni hizi.

Kuhusu fimbo sitapaka sukari. Norwei ilikataza kumpiga mtoto mwaka 1987. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliacha mwanya kwa kofi jepesi, na mwaka 2010 Bunge likauziba. Kwa hiyo mzazi anayejitetea kwamba "namchapa kidogo tu, kwa adabu" huwa hajajitetea, amekiri kosa. Polisi wanaweza kumhoji mtoto katika Barnehus, nyumba iliyotengwa kwa mahojiano ya watoto, na mzazi anayetuhumiwa haambiwi kabla. Atajua mtoto akiwa ameshachukuliwa shuleni. Hata hivyo kofi peke yake halimhamishi mtoto moja kwa moja. Kesi ya polisi na shauri la barnevernet ni njia mbili tofauti, na ya pili huuliza kama mtoto atakuwa salama kuanzia sasa. Mzazi anayesema "niliwahi, nimeacha, nahitaji kufundishwa njia nyingine" yuko mahali pazuri zaidi kuliko anayekana alama zinazoonekana.

Uchunguzi ukithibitisha tatizo, ngazi inayofuata ni msaada wa nyumbani, hjelpetiltak: mafunzo ya malezi, mtu wa kukupumzisha, nafasi ya chekechea. Watoto wengi walio chini ya barnevernet wanaishi na wazazi wao na kupata msaada wa namna hii. Kwa kawaida msaada huo unahitaji ridhaa yako, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa. Makosa yako pande zote mbili. Kuna wanaosaini wasichokielewa. Kuna wanaokataa kila kitu wakidhani wanalinda nyumba yao, kumbe sharti mojawapo la kumhamisha mtoto ni kwamba msaada wa nyumbani hautoshi, na anayekataa msaada wote anairahisishia ofisi hoja hiyo. Usipopenda waliyokupa, jibu kwa maandishi ukitaja utakachokubali.

Dharura ni jambo jingine. Mtoto akiwa hatarini kudhurika vibaya akibaki nyumbani, mkuu wa barnevernet au mwendesha mashtaka anaweza kuamuru achukuliwe papo hapo. Hapo saa zinahesabika. Amri inapelekwa mara moja kwenye baraza, barneverns- og helsenemnda, ambalo linatakiwa kuipitia ikiwezekana ndani ya saa 48. Mzazi akipeleka malalamiko, baraza linaamua ndani ya wiki moja, na wakili hapa ni wa bure. Barnevernet isipowasilisha shauri kamili ndani ya wiki sita, amri inakufa. Wazazi wengi huzipoteza siku za kwanza kwa kuzungukia ofisi na kulia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naelewa, lakini simu ya kwanza iwe kwa wakili.

Kumhamisha mtoto kwa muda mrefu, omsorgsovertakelse, hakuamuliwi na barnevernet. Inaomba tu. Linaloamua ni baraza, ambalo halitawaliwi na manispaa. Kwa kawaida wanakaa mwanasheria, mtaalamu wa mambo ya watoto na raia wa kawaida. Ni lazima waone kasoro nzito katika malezi au manyanyaso, waone msaada hautoshi, na waone hatua hiyo ni ya lazima kwa hali ya mtoto. Mtoto kuwa na maisha bora zaidi kwingine si sababu. Hukuridhika? Una mwezi mmoja kwenda mahakamani. Muda huo ukipita, itabidi usubiri hadi miezi 12 itimie ndipo uombe shauri liangaliwe upya.

Wakati huohuo usijaribu kumvusha mtoto mpaka. Ombi likishafika barazani, au amri ikishatolewa, kumtoa Norwei bila kibali ni kosa la jinai, na Norwei imo katika Mkataba wa Hague wa 1996 kuhusu ulinzi wa watoto.

Mtoto akihamishwa unapoteza malezi ya kila siku. Foreldreansvar inabaki, ingawa imepungua: jina lake na dini yake bado ni mambo yako. Hapa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imeisahihisha Norwei zaidi ya mara moja. Katika shauri la Strand Lobben, Septemba 10, 2019, majaji 13 dhidi ya 4 walikuta kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda maisha ya familia, kimevunjwa: mama alipewa nafasi chache mno za kumwona mwanawe, kisha mtoto akaasilishwa kwa wengine bila hali mpya ya mama kupimwa ipasavyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Norwei ikasisitiza kwamba lengo la kuanzia ni kumrudisha mtoto kwao.

Shauri la Abdi Ibrahim, lililoamuliwa Desemba 10, 2021 kwa kauli moja, linatugusa kwa karibu zaidi. Mama ni Msomali aliyejifungulia Kenya, na mtoto aliwekwa katika familia ya Kikristo iliyokuja kumuasili. Mbele ya Mahakama ya Ulaya mama hakudai arudishiwe mtoto. Alidai mwanawe asikatwe na mizizi yake, na Mahakama ikaona mamlaka hayakuupa uzito wa kutosha uhusiano wao na dini na utamaduni wa mtoto.

Sheria ya sasa inalazimisha barnevernet kuangalia kwanza kama kuna ndugu au mtu wa karibu anayefaa kuwa familia ya malezi ya kambo, fosterhjem, na kuzingatia lugha, dini na asili ya mtoto. Lakini majina hawatayajua usipoyataja. Andika orodha: shangazi wa Bergen, mama mdogo wa Drammen, jirani wa msikitini au kanisani, pamoja na simu na anwani zao. Andika lugha anayoota nayo mtoto, vyakula asivyokula, siku anazofunga. Omba idadi ya siku za kumwona, si "mara kwa mara", na uombe ziwe kwa Kiswahili. Karatasi hiyo mkabidhi wakili kabla ya kikao cha kwanza cha baraza, iingie kwenye shauri tangu mwanzo.