Je, wajua kwa nini mjamzito huhema kabla hata tumbo halijaonekana?

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, alfajiri ya usiku wa giza. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa zake inaingia, na kina mama wameshajipanga na mabeseni. Beseni la dagaa wabichi halijitwiki. Mmoja anashika huku, mwingine kule, mwenye mzigo anainama na ngata kichwani: "Haya, nitwikeni." Kisha anaupanda mchanga kuelekea kwenye vichanja, maji ya samaki yakimchuruzika shingoni. Katikati ya njia mmoja anasimama, mkono kiunoni, anahema kama aliyetoka kukimbizwa. Wenzake wanamtania: jana ulilala saa ngapi wewe? Hawajui kwamba ana mimba ya miezi miwili. Na hata wakijua, hakosekani wa kusema anadeka, maana tumbo lenyewe liko wapi?

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunaupima uzito wa mimba kwa macho: tumbo likiwa dogo, kazi ni ndogo, likijaa, ndipo tunamwonea huruma. Mwili hauendi kwa hesabu hiyo. Sehemu kubwa ya mabadiliko yanayomchosha mjamzito huanza mapema kabisa, wakati gauni bado linamtosha vizuri.

Tuanze na moyo. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake husukuma damu kama lita 5 kwa dakika. Chukua ile ndoo ya lita 20 ya kuchotea maji: moyo huo ungeijaza kwa dakika nne. Kwa mjamzito, kufikia wiki ya nane tu kazi hiyo imeshaongezeka kwa karibu moja ya tano, na baadaye hufika lita 6 hadi 7 kwa dakika, yaani ndoo inajaa kwa dakika tatu hivi. Hapo amekaa tu, hajainua kitu. Mishipa nayo hulegea ili damu ipite kwa wingi kwenda kwenye mfuko wa uzazi, na presha hushuka kidogo hadi katikati ya mimba. Ndiyo sababu akiinuka ghafla baada ya kuchambua dagaa akiwa amechuchumaa, dunia inamzunguka.

Pumzi nayo ina kisa chake. Homoni ya projesteroni, inayopanda tangu mwanzo wa mimba, huuchochea ubongo uagize hewa zaidi. Idadi ya pumzi kwa dakika haibadiliki sana. Kinachoongezeka ni kina cha kila pumzi. Mama huvuta hewa nyingi kuliko anayoihitaji yeye mwenyewe, na kwa kufanya hivyo hupunguza hewa chafu ya kabonidioksaidi katika damu yake, ili ile ya mtoto ipate pa kutokea. Kwa maneno mengine, anapumua kwa niaba ya mtu ambaye bado hatoshi kiganja. Yeye anachohisi ni kwamba pumzi haimtoshi. Miezi ya mwisho ndipo tumbo linapoongeza lake, kwa kukisukuma juu kiwambo kilicho chini ya mapafu kwa sentimita kama 4.

Halafu kuna damu yenyewe. Huongezeka kwa kati ya asilimia 40 na 50 hadi karibu na mwisho wa mimba, lakini sehemu yake ya maji huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Ni kama mchuzi uliokatwa kwa maji wageni walipozidi. Kwa mwanamke mwenye chakula kizuri si tatizo. Lakini Kigoma na Tabora zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania Bara, na vijidudu vya malaria vina tabia ya kujificha kwenye kondo la nyuma huku mama hana hata homa. Vinakula chembe nyekundu zilezile chache. Basi anayeonekana mvivu huenda ana upungufu wa damu. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, dozi za SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, na chandarua kinachotolewa kliniki vinamhusu mbeba beseni pengine kuliko mtu mwingine yeyote.

Je, basi mjamzito akae tu? La. Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wasio na matatizo wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Bibi zetu walilima wakajifungua, na hoja hiyo huletwa kila mara mazungumzo haya yanapoanza. (Waliopoteza mimba shambani hatuwasikii, kwa sababu hayo hayakuwa mambo ya kusimuliwa hadharani.) Ila kuna tofauti kati ya mazoezi na kazi. Anayefanya mazoezi huacha akichoka. Dagaa hawasubiri: wasipoanikwa jua la asubuhi, jioni wananuka na mtaji umekwenda. Kwa hiyo mama anaendelea hata baada ya mwili kusema basi. Misuli inadai damu, ngozi inadai damu ili ipoze joto la jua, na mfuko wa uzazi nao unadai yake. Tafiti zimehusisha kuinua mizigo mizito mara kwa mara na kusimama saa nyingi na ongezeko kiasi la hatari ya kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Haina maana kwamba kila abebaye yatampata.

Mgongo nao usisahaulike. Viungo vya nyonga hulegea kwa homoni, na tumbo likikua linamvuta mbele, naye anajirudisha nyuma ili asianguke. Weka hapo beseni kichwani na mchanga unaotitia chini. Wanaoanika chini huinama asubuhi nzima. Vichanja vya kimo cha kiuno vilihimizwa ili dagaa wawe safi, lakini ukimuuliza mwenye mimba ya miezi saba, atakutajia mgongo kabla ya usafi.

Ukipanda treni ukashuka Tabora, mtego unabadilika. Kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, majani mabichi yenye umande hutoa nikotini inayopenya ngozi. Mchumaji huanza kusikia kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma, kisha anatapika. Sasa mwambie nani kwamba hiyo si mimba changa! Dalili zinafanana mno, naye anarudi shambani kesho yake. Nikotini hiyo huvuka hadi kwa mtoto, hata kama mama hajawahi kugusa sigara. Kusubiri umande ukauke, kuvaa glavu na nguo za mikono mirefu, na kuoga baada ya kuchuma hupunguza madhara. Mjamzito kupewa kazi nyingine kabisa ni bora zaidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Maneno mazuri. Lakini mama wa mwaloni mwajiri wake ni nani? Ni yeye mwenyewe, na huyo ndiye bosi asiyetoa likizo.

Akivuja damu, akiumwa sana kichwa na macho kuona ukungu, akihema hata akiwa amelala, maji yakimtoka au mtoto akipunguza kucheza, hayo si ya kusubiri dagaa wakauke. Ni ya kwenda kituo cha afya saa hiyohiyo. Siku za kawaida, ushauri wa mkunga ni mwepesi kuutamka: gawa beseni mara mbili, kunywa maji, kaa ukichambua. Mwaloni wenyewe wana jibu lao. Mabeseni mawili ya nusu ni safari mbili, na kila safari unaomba watu upya wakutwike. Anayeificha mimba yake ya miezi miwili atasema nini akiulizwa kwa nini leo anabeba nusu?