Umeambiwa una lukemia sugu: miezi ya kwanza na kidonge cha kila siku

Wagonjwa wengi wa lukemia sugu, yaani saratani ya damu inayokwenda polepole, hufika kliniki yangu wakiwa hawajisikii wagonjwa hata kidogo. Walienda kupima kitu kingine, pengine walikuwa wanajiandaa kwa upasuaji mdogo, na picha ya damu ikaonyesha chembe nyeupe 80,000, au 150,000, au zaidi ya hapo. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila maikrolita. Wengine walikuwa wakichoka bila sababu, wakitoka jasho usiku, au wakishiba upesi kwa kuwa bandama imevimba na kulibana tumbo.

Swali langu la kwanza huwa ni hili: umeambiwa ni lukemia ipi? Wengi hawajui, na tayari wamekesha wakisoma habari za lukemia kali, ile inayomshambulia mtu ndani ya siku chache na kudai alazwe mara moja. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Hata lukemia sugu zenyewe ziko za namna mbalimbali. Ile ya limfu, inayowapata zaidi wazee, mara nyingi haianzishiwi dawa siku unapogunduliwa. Tunapima damu kila baada ya miezi kadhaa na kusubiri, hata kwa miaka, kwa sababu kutibu mapema mgonjwa asiye na dalili hakujaonyesha kumrefushia maisha. Ya mieloidi, ambayo ndiyo nitaizungumzia hapa, huanzishiwa dawa mapema, na mara nyingi dawa hiyo ni kidonge cha kumeza.

Chanzo chake kinajulikana vizuri kuliko cha saratani nyingi. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakifanya kazi Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu (uzi unaobeba jeni ndani ya chembe) fupi isiyo ya kawaida katika chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha imetokeaje: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 vimebadilishana nafasi. Pale vilipoungana huzaliwa jeni mpya iitwayo BCR-ABL, nayo hutengeneza protini inayouamuru uboho uzalishe chembe nyeupe bila kupumzika, kama swichi iliyogoma kuzimika. Badiliko hili hutokea ndani ya chembe moja ya uboho ukubwani. Hukurithi kwa wazazi, huwarithishi watoto, wala humwambukizi mtu kwa kula naye au kulala naye. Nayasema haya polepole na kuyarudia, maana nimeona watu wakihamia chumba kingine nyumbani kwao bila sababu yoyote. Na ukijiuliza umekosea wapi, jibu ni kwamba hujakosea popote. Kisababishi cha nje tunachokijua kwa hakika ni mionzi mikali, na wagonjwa walio wengi hawajawahi kukutana nayo.

Kabla ya mwaka 2001 mazungumzo haya yalikuwa magumu mno. Asiyepata mtu wa kumchangia uboho alikuwa na miaka michache tu. Kisha Brian Druker, Nicholas Lydon na wenzao wakaleta imatinibu, dawa inayoizuia protini ile yenyewe. Katika utafiti mkubwa wa IRIS, miaka 10 baadaye takriban 83% ya walioanza na imatinibu walikuwa hai. Leo mgonjwa aliyegunduliwa katika hatua ya mwanzo, na dawa ikamkubali, hutarajia umri unaokaribiana na wa watu wengine.

Wiki za kwanza huwa na pilika. Tutakuchukua uboho kwenye mfupa wa nyonga kwa sindano. Ganzi huondoa maumivu ya ngozi na mfupa, ila ule mvuto wa ndani wakati uboho unafyonzwa utausikia kwa sekunde chache, na ni afadhali uambiwe mapema. Chembe zikiwa nyingi mno tunaweza kuanza na haidroksiurea ili zishuke, pamoja na alopurinoli ya kulinda figo, kwa sababu chembe zinazokufa kwa wingi humwaga asidi ya yuriki. Hapo maji ni dawa. Unywe ya kutosha kutwa nzima. Siku hizo usije peke yako. Mtu aliyepewa habari nzito husikia nusu tu ya maelezo, kwa hiyo njoo na ndugu, naye aandike.

Kisha kidonge. Imatinibu humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, kwa kawaida miligramu 400. Nilotinibu, dawa nyingine ya kundi hilo, ni kinyume: tumbo liwe tupu, saa mbili kabla ya dawa na saa moja baada yake. Dasatinibu, nayo ya kundi hilo, haipatani na dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Balungi na mitishamba kadhaa huvuruga kiwango cha dawa hizi kwenye damu, kwa hiyo chochote unachotumia, hata kama ni unga uliopewa na shangazi kwa upendo, nitajie. Sitakugombeza.

Nikipewa nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema hili la kumeza kila siku. Kitu kinachoharibu matibabu haya mara nyingi ni kujisikia vizuri. Baada ya miezi miwili mitatu bandama imenywea, nguvu zimerudi, picha ya damu ni safi, na mtu anaanza kupumzisha mwili kwa kuruka kidonge mwishoni mwa wiki.

"Daktari, mbona mimi siumwi tena?" mama mmoja aliniuliza huku akitoa mkobani pakiti ambayo kwa hesabu ya tarehe ilipaswa kuwa imekwisha. Vidonge tisa vilikuwa bado vimo. "Huumwi kwa sababu ya hivi ulivyovimeza, mama," nilimjibu, tukakaa na kupanga upya saa ya dawa ifuatane na chakula chake cha jioni.

Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2010 uliweka vifaa vya kielektroniki kwenye vifuniko vya chupa za imatinibu ili kujua zinafunguliwa lini. Kati ya waliomeza zaidi ya 90% ya dozi, takriban 94% walifikia kiwango kizuri cha kudhibitiwa kwa ugonjwa. Waliomeza 90% au chini ya hapo, ni kama 28% tu. Na 90% maana yake ni kuruka siku tatu kwa mwezi. Ukisahau dozi, usimeze mbili kesho yake. Endelea na ratiba.

Wanaoruka dawa kwa makusudi mara nyingi wanakimbia maudhi yake, na maudhi yapo. Imatinibu huvimbisha kope asubuhi, hukaza misuli ya miguu usiku, huleta kichefuchefu na wakati mwingine vipele. Dasatinibu inaweza kujaza maji kwenye utando wa mapafu, kwa hiyo pumzi ikikukata usingoje siku ya kliniki. Nilotinibu inahitaji uangalizi wa moyo, mishipa na sukari. Mengi hupungua baada ya miezi michache, na yasiyopungua yana ufumbuzi: kubadili saa, kurekebisha dozi, au kuhamia dawa nyingine. Ila uamuzi huo tuufanye pamoja.

Maendeleo tunayapima kwa PCR ya damu, kipimo kinachoonyesha kiasi cha BCR-ABL kilichobaki, kila baada ya miezi mitatu. Tunatarajia BCR-ABL ishuke hadi 10% au chini katika mwezi wa tatu, 1% mwezi wa sita, na 0.1% ikifika mwaka. Wasiwasi wa kusubiri majibu naufahamu. Kuna watu hawalali wiki nzima kabla yake. Namba moja iliyopanda kidogo haimaanishi dawa imeshindwa. Tunarudia kipimo, tunauliza kuhusu dozi, na ikibidi tunatafuta mabadiliko ya jeni kama T315I, ambayo yana dawa zake.

Je, utameza maisha yote? Si lazima. Waliokaa kwenye kiwango cha chini sana cha BCR-ABL kwa miaka kadhaa wanaweza kujaribu kuacha, chini ya uangalizi na PCR ya kila mwezi mwanzoni. Karibu nusu hubaki salama bila dawa. Kwa wengine ugonjwa hurudi, mara nyingi ndani ya miezi sita, na karibu wote hudhibitiwa tena wakirudia kidonge. Mwanamke anayetaka kushika mimba aniambie mapema, hata kama ni mpango wa miaka mitatu ijayo, kwa sababu dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni na muda wa kuzisitisha hupangwa kwa kufuata majibu yake.